Maghala ya Mawe ya Uingereza: Kila Tundu Lina Sababu Yake



Tukisoma habari za majengo ya Uingereza, mara nyingi twaelezwa juu ya makanisa makuu, ngome na majumba ya wafalme. Majengo hayo yalijengwa ili yatazamwe. Lakini katika mashamba ya nchi ile yako majengo mengine ya mawe, baadhi yake yana umri wa miaka mia saba, ambayo hayakujengwa kwa ajili ya macho ya mtu. Ni maghala ya nafaka, mabanda ya ng'ombe na farasi, na nyumba za njiwa. Waashi wengi walioyajenga hawajulikani hata majina. Mimi sijafika Uingereza, ila nimesoma habari za majengo haya na kutazama picha na michoro yake kwa muda mrefu, nami nimeona kwamba yana somo ambalo majumba ya wafalme hayawezi kutufundisha vizuri.

Somo lenyewe ni hili: katika jengo la kazi hakuna tundu, pembe wala mlango usio na sababu. Mtu akijua kuuliza, "Tundu hili ni la nini?" aweza kuusoma ukuta kama asomavyo kitabu. Ataona kazi iliyofanywa humo, mnyama aliyefugwa, na hata nani alipata faida na nani alibaki na jasho lake. Akishajua hayo, ndipo aweza kusema kama jengo hilo lafaa kuhifadhiwa, au kugeuzwa, au kuachwa. Katika Uingereza ya leo swali hilo lina ubishi mkubwa, nami nitalifikia baadaye. Kwanza tujifunze kusoma.

1. JIWE LILILO CHINI YA MIGUU

Jiwe ni zito, na kabla ya reli njia nyingi za mashambani zilikuwa matope matupu. Kulichukua jiwe kwa gari la farasi mwendo wa maili nyingi kuliweza kugharimu kuliko kulichimba. Kanisa kuu liliweza kuletewa mawe kutoka mbali, hata ng'ambo ya bahari, kwa kuwa wenyewe walikuwa na fedha. Mkulima hakuwa nazo. Alijenga kwa jiwe lililopatikana shambani mwake au katika machimbo ya kijiji chake. Kwa hiyo ramani ya miamba ya Uingereza, ile tuichorayo katika somo la jiografia, ni ramani ya maghala yake pia.

Tazama mifano hii. Kutoka Dorset, kusini, mpaka Lincolnshire na Yorkshire umepita ukanda mrefu wa mawe ya chokaa. Katika vilima vya Cotswolds jiwe hilo lina rangi ya asali, kwa sababu ya chuma kilichochanganyika ndani yake. Likitoka machimboni ni laini kukatwa, na likikaa hewani huwa gumu. Ukienda kaskazini katika milima ya Pennines wakuta jiwe la mchanga lenye chembe nene, rangi yake kahawia au kijivu. Katika Cornwall na nyanda za Dartmoor kuna itale, jiwe gumu mno. Zamani mafundi wa huko walitumia mapande makubwa yaliyookotwa juu ya ardhi, maana kuyachonga kulikuwa taabu kubwa.

Katika Norfolk na Sussex kuna gumegume. Mawe haya ni madogo na hayana umbo maalum, basi hayawezi kufanya pembe iliyonyooka. Ndiyo sababu majengo ya gumegume huwa na pembe za matofali au za jiwe jingine. Mgeni atadhani mwashi alitaka kupamba, kumbe alikuwa akitatua shida yake. Na mahali palipokosa jiwe jema, kama Essex na Suffolk, wakulima walijenga maghala yao kwa mbao.

2. UKUTA NA PAA

Ukuta wa ghala la mawe kwa kawaida una unene wa futi mbili au zaidi. Kwa kweli ni kuta mbili zilizosimama karibu karibu, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati hujazwa vipande vya mawe. Zikiachwa hivyo, siku moja kuta hizo zitaachana na kufura kama tumbo. Kwa hiyo kila baada ya kimo fulani mwashi huweka mawe marefu yanayopita kutoka uso huu mpaka uso wa pili, ili yazifunge pamoja. Katika mabonde ya Yorkshire Dales mawe hayo huchomoza nje kwa safu, nawe waweza kuyahesabu kwa mbali.

Mawe yaliunganishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa tanuruni, kama vile watu wa pwani yetu walivyochoma matumbawe. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na ulaini huo una faida: ukuta ukilowa mvua, maji hutoka tena kwa njia ya chokaa na kukauka. Watu wengi wa karne ya 20 walipotengeneza kuta za kale walitumia saruji, wakidhani kwamba kigumu ni bora. Lakini saruji huyazuia maji yasitoke. Maji hubaki ndani ya jiwe, baridi kali huyagandisha, nayo yakiganda hutanuka na kulipasua jiwe lenyewe. Hivyo dawa ikawa ndiyo ugonjwa.

Mapaa mengi yaliezekwa kwa mabamba ya mawe. Katika kijiji cha Stonesfield, Oxfordshire, mabamba hayo yalipatikana kwa msaada wa jalidi. Mapande ya jiwe yalichimbwa, yakaachwa nje katika majira ya baridi na kutunzwa yawe na unyevu. Usiku wa baridi kali maji yaliganda katikati ya matabaka ya jiwe, na jiwe likafunguka kama kurasa. Basi jalidi ile ile inayoharibu ukuta ndiyo iliyotengeneza paa! Fundi alitoboa kila bamba tundu moja, akapitisha kijiti cha mwaloni, na kuliangika juu ya fito. Mabamba makubwa yaliwekwa chini, penye ukingo wa paa, ambapo maji ni mengi na ukuta wa kubeba uzito uko karibu. Madogo yaliwekwa juu.

Tazama pia mteremko wa paa. Katika Cotswolds mabamba ni madogo na paa limesimama sana, ili maji yakimbie kabla ya kupenya katika maungio. Katika Pennines mabamba ya jiwe la mchanga ni mapana na mazito mno. Kama paa lingesimama vile, uzito wao ungeyavuta chini. Basi paa la huko limelala zaidi. Mvua ni moja, lakini jiwe ndilo lililoamua umbo.

3. GHALA LA KUPURIA

Sasa tuingie ndani. Katika sehemu za ngano na shayiri, jengo kubwa kuliko yote shambani lilikuwa ghala la kupuria. Lina milango miwili mikubwa inayokabiliana katikati ya kuta ndefu. Kati ya milango hiyo ni uwanja wa kupuria, uliotandikwa mbao, au mabamba ya mawe, au udongo ulioshindiliwa. Upande mmoja wa uwanja iliwekwa miganda ambayo haijapurwa, na upande wa pili mabua yaliyokwisha kupurwa.

Kwa nini milango miwili? Kwanza, gari la farasi lilipoingia na mzigo wake halikuwa na nafasi ya kugeuka. Liliingia kwa mlango huu, likapakuliwa, likatoka kwa ule. Katika maghala mengine mlango wa kuingilia ni mrefu sana, na wa kutokea ni mfupi, maana gari lenye shehena huwa refu na gari tupu huwa fupi. Msomaji, waona jinsi mlango ulivyopimwa kwa mzigo! Pili, kupura kulifanywa kwa fimbo mbili zilizofungwa pamoja kwa kipande cha ngozi: moja ya kushikia, na ya pili ya kupigia. Baada ya kupura, milango yote miwili ilifunguliwa, upepo ukapita, nafaka ikapepetwa, makapi yakapeperuka. Chini ya mlango ziliwekwa mbao za kuondolewa, ili punje zisirukie nje, wala kuku na nguruwe wasiingie kujihudumia.

Katika kuta ndefu kuna nafasi nyembamba zilizosimama, ambazo watu wengine hudhani ni za kupigia mishale wakati wa vita. Sivyo. Nje ni nyembamba, na ndani zimepanuka. Hupitisha hewa ili miganda isivunde, lakini mvua haiingii kwa urahisi. Juu kabisa, karibu na ncha ya ukuta wa mwisho, mara nyingi lipo tundu moja. Hilo ni mlango wa bundi. Kwetu watu wengi humwogopa bundi na kumfukuza, lakini mkulima Mwingereza alimjengea njia ya kuingilia, kwa kuwa bundi mmoja ghalani hula panya wengi.

Kisha kuna matundu madogo ya mraba yaliyopangwa kwa safu ukutani. Haya yamewasumbua wengi, maana hayana kazi yoyote ya shamba. Ni mahali palipochomekwa miti ya jukwaa wakati waashi walipokuwa wakijenga. Ukuta ulipokwisha, miti ilichomolewa na matundu yakabaki. Kwa hiyo tundu lililokosa sababu katika kazi ya mkulima huenda lina sababu katika kazi ya mwashi.

Mfano mkubwa wa ghala la namna hii ni ghala la Great Coxwell, Oxfordshire. Lilijengwa karibu na mwisho wa karne ya 13 na watawa wa abasia ya Beaulieu, waliokuwa na mashamba katika sehemu hiyo. Urefu wake ni futi 152, yaani meta 46 hivi. Upana futi 44. Na kimo cha paa futi 48. Paa lake limebebwa na safu mbili za nguzo ndefu za mwaloni. Nguzo hizo hazikusimamishwa juu ya ardhi. Kila moja imesimama juu ya msingi wa mawe unaompita mtu kimo, ili unyevu wa sakafu usiozeshe mti. Wajenzi walifahamu kwamba mti mkavu ni adui wa wakati, na mti uliolowa ni chakula chake. Wamekwisha kufa karne nyingi zilizopita, na hoja yao ingali imesimama.

4. ZIZI, FARASI NA MABONDE YA KASKAZINI

Ghala halikusimama peke yake. Mara nyingi majengo ya shamba yalizunguka zizi lililo wazi upande wa kusini, ili lipate jua. Ghala refu liliwekwa kaskazini, likazuia upepo wa baridi. Mabua kutoka ghalani yalitupwa zizini, ng'ombe wakayakanyaga na kuyachanganya na mavi yao, na samadi hiyo ikarudi katika shamba la ngano.

Waweza kutofautisha banda la ng'ombe na la farasi bila kumwona mnyama. Banda la ng'ombe ni la chini, madirisha yake machache, kwa sababu ng'ombe walitiana joto. Banda la farasi lina kimo zaidi, madirisha yake ni bora, na mara nyingi liko karibu na nyumba ya mwenye shamba. Farasi alikuwa na thamani kubwa. Asubuhi mapema alisuguliwa na kufungwa lijamu, na kazi hiyo yataka mwanga. Mlango wake ulikatwa vipande viwili: cha juu kilifunguliwa kuingiza hewa, cha chini kikabaki kimefungwa.

Katika milima ya kaskazini ngano haistawi vizuri. Utajiri wa huko ni nyasi. Katika bonde la Swaledale, Yorkshire, mgeni hushangaa kuona vijumba vya mawe vimetawanyika kila mahali, kimoja katika konde hili, kingine katika konde lile, mbali na nyumba za watu. Kwa nini wasijenge banda moja kubwa nyumbani?

Jibu liko katika mzigo. Nyasi zilikatwa majira ya joto, zikakaushwa, zikasukumwa ghalani kwa tundu la juu. Majira ya baridi ng'ombe wachache walifungwa upande mmoja wa jengo hilo hilo, wakalishwa nyasi zile. Samadi yao ilitandazwa katika konde lile lile, ili nyasi ziote tena. Hivyo nyasi hazikuchukuliwa mbali, wala samadi haikupandishwa mlimani. Aliyetembea ni mkulima peke yake, kila siku, katika theluji na upepo, kwenda kulisha, kunywesha na kukama. Vijumba vile vilipunguza safari za mizigo, na gharama yake ikawa miguu ya mtu.

Katika Cumbria walikuwa na akili nyingine. Walijenga ghala la ghorofa mbili ubavuni mwa mlima. Kwa upande wa juu gari liliingia moja kwa moja katika ghorofa ya pili, penye nafaka na nyasi. Kwa upande wa chini ng'ombe waliingia katika ghorofa ya kwanza. Chakula kikashushwa kwao kutoka juu. Mlima, ambao mahali pengine ni kizuizi, hapo ukawa ngazi.

5. PANYA NA NJIWA

Nafaka iliyokwisha kupurwa haikuachwa katika ghala la kupuria. Ilipelekwa katika chumba cha akiba. Mara nyingi chumba hicho kilikuwa juu ya banda la magari, ambalo upande mmoja ni wazi, ili hewa ipite chini ya sakafu. Ngazi ya mawe ilijengwa nje, na chini ya ngazi hiyo pengine palikuwa na kijumba cha mbwa wa kulinda. Vyumba vingine vya akiba viliinuliwa juu ya miguu ya mawe yenye umbo la uyoga. Panya aliweza kuupanda mguu, lakini alipofika chini ya kile kichwa kipana alishindwa kupita. Wengi wetu twalifahamu jambo hili bila kufundishwa, maana vihenge vya babu zetu navyo viliinuliwa juu ya miguu kwa sababu ile ile.

Nyumba za njiwa ni habari nyingine. Huko Kinwarton, Warwickshire, ipo nyumba ya njiwa ya mviringo ya karne ya 14. Kuta zake zina unene wa karibu meta moja, na ndani zimejaa mamia ya vitundu vya viota. Katikati umesimama mti unaozunguka, wenye ngazi, ili mtu aweze kuvifikia viota vyote bila kuihamisha ngazi. Makinda ya njiwa yalikuwa nyama tamu. Lakini kwa muda mrefu si kila mtu aliyeruhusiwa kujenga nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa haki ya wakuu wenye ardhi. Njiwa hawakujua mipaka: walikula mbegu katika mashamba ya wanyonge, kisha wakaliwa katika meza ya mkuu. Hapa twaona kwamba jengo huweza kutuonyesha mamlaka kama lituonyeshavyo kazi.

6. NI NANI ALIYEJAZA GHALA?

Maghala mengi makubwa ya kale huitwa maghala ya zaka. Zamani kila mkulima alipaswa kutoa fungu la kumi la mavuno yake kwa kanisa la mtaa wake, nayo yalitaka mahali pa kuwekwa. Lakini jina hilo hutumiwa ovyo. Ghala la Great Coxwell, na lile la Bradford-on-Avon lenye urefu wa futi 168, lililokuwa mali ya watawa wa kike wa Shaftesbury, yalikuwa hasa maghala ya mashamba ya watawa wenyewe. Basi tusiamini jina kabla ya kuuliza kazi.

Mfalme Henry VIII alizifunga abasia kati ya mwaka 1536 na 1540. Mashamba yao yalichukuliwa na serikali, na mengi yakauzwa kwa matajiri, pamoja na maghala yake. Mwaka 1836 sheria iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha. Tokea hapo hapakuwa tena na haja ya kuweka fungu la kumi la miganda.

Kabla ya hapo jambo zito zaidi lilikuwa limetokea ndani ya ghala. Kupura kwa fimbo kulikuwa kazi ya majira ya baridi, wakati shamba halina kazi nyingine. Kwa kibarua asiye na ardhi, sauti ya fimbo ghalani ilikuwa sauti ya chakula cha watoto wake. Mwaka 1786 Mskoti mmoja, Andrew Meikle, alitengeneza mashine ya kupuria iliyofaa. Mashine hizo zikaenea. Mwaka 1830, kuanzia Kent, vibarua wa kusini ya Uingereza waliinuka, wakazivunja mashine kwa nyundo na kuchoma miganda iliyorundikwa. Serikali iliwaadhibu vikali: watu 19 walinyongwa, na karibu watu 500 wakapelekwa Australia kwa meli. Mwenye kulitazama ghala na kuona uzuri wa boriti zake tu, asome pia habari za watu hawa. Wao ndio waliojua sakafu yake kuliko sisi.

7. KAZI IKIHAMA, JENGO LIFANYEJE?

Mashine ya kupuria ilikuwa mwanzo tu. Tokea miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani iliwaumiza wakulima wa Uingereza, na wengi waliacha kujenga. Baada ya mwaka 1945 trekta lilishika mahali pa farasi, na mashine moja ikavuna na kupura papo hapo kondeni. Mashine hiyo haiwezi hata kuingia katika mlango uliopimwa kwa gari la farasi. Ng'ombe wakahamishiwa mabanda mapana ya chuma. Majengo ya mawe yakabaki bila kazi.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Mkulima husema, "Kulitengeneza paa la mawe ni gharama kubwa, na jengo haliniingizii kitu." Wapenda historia husema, "Likianguka hatutalipata tena." Wengine husema, "Ligeuzwe nyumba ya kukaa, kwa maana vijana wa vijijini hawana nyumba." Tangu mwaka 2014 sheria ya Uingereza imerahisisha kugeuza majengo ya shamba kuwa nyumba, ila urahisi huo haukutolewa katika hifadhi za taifa kama Yorkshire Dales. Huko Swaledale, mwaka 1989, maghala na kuta za mawe ziliwekwa pamoja katika eneo moja la kulindwa.

Mimi naona kwamba kila upande una haki, lakini kila upande waweza kukosa usipojua kusoma jengo. Ghala likigeuzwa nyumba, watu hutaka madirisha mengi, dohani na vyumba. Uwanja wa kupuria hukatwa vipande, nafasi za hewa huzibwa au kupanuliwa. Ukuta umebaki, lakini maandishi yamefutwa. Tena nyumba zenyewe mara nyingi hununuliwa na watu wa mijini wenye fedha, si kijana wa kijiji aliyetajwa katika hoja. Kwa upande mwingine, kulifungia jengo lisiguswe, bila kumsaidia mkulima kulitunza, ni kulihukumu lianguke polepole.

Nadhani njia iliyo bora ni kuanza na paa. Ukuta wa mawe waweza kungoja kazi mpya kwa miaka mingi, lakini paa haliwezi kungoja. Bamba moja likiteleza, maji huingia juu ya boriti. Boriti ikioza, paa husukuma ukuta. Ukuta ukifura, mawe yote hurudi chini yalikotoka. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa likiwa zima, na litafutwe jambo ambalo halihitaji kuyaziba matundu ya kale: stoo, karakana, mahali pa mikutano au pa sherehe. Ghala la Great Coxwell lilitolewa mwaka 1956 kwa National Trust, chama kinachotunza mali za kale, na mpaka leo mtu aweza kusimama ndani yake akaona nafasi yote kutoka mwisho mpaka mwisho. Si kila ghala laweza kupata bahati hiyo. Lakini mahali ambapo jengo halina budi kugeuzwa, mwenye kuligeuza na aeleze kwanza, tundu kwa tundu, anafuta nini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jiwe la ghala la mkulima lilitoka karibu, na la kanisa kuu liliweza kutoka mbali?

2. Eleza jinsi jalidi ilivyowasaidia watu wa Stonesfield, na jinsi inavyoharibu ukuta uliotengenezwa kwa saruji.

3. Ukikuta ghala lenye mlango mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, gari la mzigo liliingia kwa upi? Toa sababu.

4. Kwa nini wakulima wa Swaledale walijenga vijumba vingi badala ya banda moja kubwa? Ni nani aliyelipa gharama ya mpango huo?

5. Vibarua wa mwaka 1830 walivunja mashine za kupuria. Hilo latuonyesha nini?

6. Chagua jengo moja la kazi karibu na kwenu: kihenge, zizi, kiwanda cha kukamulia mafuta au ghala la chama cha ushirika. Lichore. Hesabu matundu yake yote, makubwa kwa madogo, na uandike sababu ya kila moja. Utakapokwama, mwendee mzee aliyefanya kazi humo ukamwulize. Usikawie, kwa maana tundu laweza kubaki ukutani na mwenye kujua sababu yake asiwepo tena.